Buluu Kwenye Poda ya Mama

Niliichanganya poda ya mama na buluu ya kufulia. Naanza na hilo mwenyewe kabla hamjalisikia kwa mwingine, maana Kinondoni nzima inalijua, na wapo wanawake pale mtaani kwetu ambao mpaka leo wakiniona nimerudi likizo wanaulizana kwa sauti, "Yule siye fundi rangi?" Mie nawaamkia shikamoo, wao wanaitika marahaba, na moyoni nawaombea mambo ambayo maalimu wangu wa chuoni akiyasikia atanirudisha kwenye alifu.

Sikuwa punguani. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa na sababu zangu, tena nilizifikiria kuliko ninavyofikiria hesabu siku hizi. Nisingeyaandika haya kama si Jumamosi iliyopita. Tulikuwa nyuma ya bweni tunafua mashati meupe ya gwaride, kila mtu na karai lake na uvivu wake. Mmoja wetu akatumbukiza kidonge kizima cha buluu kwenye maji, kile kinachofungwa kitambaa kama kidole chenye kidonda. Harufu ikapanda. Ni harufu ndogo, ya chaki iliyolowa na sabuni ya mche, wengi hata hamuisikii. Mie niliisikia mpaka mgongoni. Na wakati huohuo mwenzenu mwingine, jina namfichia, alikuwa anamsifu dada wa rafiki yake: "Mzuri, bwana, mzuri kweli. Ila ndo hivyo, mweusi." Wote mkacheka. Nikalipiga ngumi shati langu mle karaini, maji ya buluu yakamrukia kiranja kifuani, na nimepewa siku tatu za kufyeka majani. Mikono ina malengelenge. Hasira bado ninayo, naandika nikiwa nayo, asiyetaka asisome.

Baba yangu alikuwa dobi wa Wazungu kule Oysterbay. Alfajiri anakata kwa miguu kupita mashamba ya minazi, jioni anarudi ananuka wanga na mkaa wa pasi. Nguo nyingine alikuwa anakuja nazo kuzimalizia uani kwetu, kwa hiyo nyumbani kulikuwaga na kopo la buluu juu ya kabati, jirani na chumvi. Hapo uani ndipo nilipopata elimu yangu ya kwanza. Shuka la Mzungu linakuja limeingia umanjano. Baba analifua, umanjano unabaki. Analisuuza kwenye maji ya buluu, analianika, na likikauka linakuumiza macho kwa weupe. Nikamuuliza inakuwaje kitu cha buluu kizae weupe. Akajibu huku anakamua, bila hata kunitazama:

"Usishangae. Weupe wote wa Wazungu unaouona unatoka humu karaini."

Alimaanisha mashuka. Alikuwa anajisifu kidogo, na hakuwa na kingine cha kujisifia. Mie nikaelewa Wazungu wenyewe.

Na ushahidi nilikuwa nao. Siku moja nilimpelekea chakula kazini, memsabu, bibi wa Kizungu wa nyumba ile, akapita pale uani na sketi yake fupi, nikaona kwenye mashavu ya miguu yake mistari ya buluu chini ya ngozi, inapindapinda kama mito kwenye ramani ya mwalimu. Nikanyamaza kwa adabu, lakini nilijua. Yule hakusuuzwa vizuri.

Sasa njooni kwenye vuli ya mwaka ule, maana bila hiyo vuli hamtanielewa. Asubuhi jua la kupasua mbao. Saa sita matone mawili matatu, kama mtu anayebisha hodi halafu akaghairi. Saa saba mvua ya kukimbiza kuku, saa nane jua tena na ardhi inafuka moshi. Jua na mvua vikija kwa pamoja sie watoto tulikuwa tunasema simba anazaa, na vuli ile simba walizaa mpaka nikawaonea huruma. Hakuna mwanamke aliyekuwa anajua avae nini atoke. Aliyevaa la jua alirudi amelowa, aliyejifunika alirudi anavuja jasho.

Ndani ya majuma hayo Athumani akaoa. Athumani alipanga chumba cha uani kwetu miaka minne. Alikula chungu kimoja na sie, na alipougua homa mama alimuuguza kama wa kumzaa. Yeye mwenyeji wa hapahapa, lakini wazazi wake walikwishafariki, akabaki na shangazi mmoja, Bi Mwanaidi, ambaye sauti yake ilikuwa inafika kabla yake. Arusi zote za mtaa ule alizipanga yeye: nani apike, nani apambe, nani atangulie mbele. Mama yangu, aliyekuja na baba kutoka kusini, upande wa Liwale, alikuwa anapangwa kwenye mchele. Miaka sita, arusi hata arusi, anachambua mchele uani huku wenzake wanaimba barabarani. Jina lake mtaani ni Mama Zuhura, kwa dada yangu aliyebaki kusini kwa mumewe. Kwenye shughuli za Bi Mwanaidi jina lake lilikuwa "yule wa mchele."

Athumani safari hii akakaza. Mnajua siku ya kupeleka sanduku la nguo za bibi arusi, mchana kweupe, ngoma na vigelegele, na anayelibeba kichwani ndiye mtu mwenyewe siku hiyo. Athumani akamwambia shangazi yake kwamba sanduku atabeba Mama Zuhura, na asipobeba yeye basi libaki uvunguni. "Ndo mama niliyebaki naye," akasema. Mama alipoletewa habari alikwenda kuchambua mchele wetu wa jioni, na nikamwona anacheka na ungo.

Siku mbili kabla ya safari ya sanduku, Bi Mwanaidi akaja kwetu. Nilikuwa nyuma ya mlango, mahali ambapo nimejifunza mengi kuliko darasani.

"Athumani kang'ang'ania," akasema akiwa hajakaa vizuri. "Mtoto wa kiume kakua, kasema, kasikika. Mie nimekuja kuona utavaa nini."

"Sare si mmeshachagua, Bi Mwanaidi?"

"Gauni jeupe na kanga nyekundu. Lakini sare na anayeivaa. Nyekundu ile inamtaka mtu mwenye rangi. Wewe itakukataa."

"Rangi mbona ninayo," mama akasema.

"Unayo nyingi mno, ndugu yangu, ndo tabu yenyewe." Akacheka, akampigapiga mama gotini. "Paka poda. Usiniletee ya kugusia tu, paka ya kutosha. Hatuwezi kutanguliza chungu cha jikoni mbele ya watu. Utani tu, Mama Zuhura. Nyie watu wa kusini si watani zetu?"

Mama naye akacheka. Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu utani ule nimeuchunguza sana tangu siku hiyo. Ukimjibu mtani wako kwa maneno makali, wewe ndiye usiyejua mila. Ukicheka, umekubali. Bi Mwanaidi alikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na mama alifungiwa katikati akiwa anatabasamu. Mgeni alipoondoka mama alitoa kioo chake kidogo kilichovunjika pembe, akajitazama muda mrefu. Hakuwa anatengeneza nywele wala kutoa kitu jichoni. Alikuwa anatazama tu. Mie nikaamua kwamba mama anatafuta dawa.

Kesho yake jioni waliketi uani, yeye na baba, wanashauriana juu ya ile sare kama watu wanaonunua ng'ombe. Baba alichovya ncha ya kanga mpya kwenye maji, akaisugua kwenye kitambaa cheupe, kitambaa kikawa cha waridi.

"Nyekundu hii haina adabu," akasema. "Inachuja. Mvua moja tu, itakuingilia kwenye gauni mpaka kwenye mbavu."

"Nikiifua kwanza?"

"Itakwenda na mng'ao wake. Bi Mwanaidi ataijua imefuliwa tangu kona ya barabara."

Mama akafikiri. "Nikiiloweka kwenye chumvi usiku kucha. Halafu uipige wanga, uipige pasi ya moto."

Baba akamtazama kwa heshima, dobi kwa dobi. "Hapo umesema."

Mama akaendelea hivyo, kitu kimoja kimoja. Wanja hakutaka wa dukani, ule unakimbia ukiona wingu. Akatengeneza wake wa masizi na mafuta ya nazi, ambao hata ukilia unabaki. Makubadhi aliyakataa, matope yangeyala. Ataenda miguu mitupu na hina, kwa sababu hina mvua haiiwezi. Asumini za nywele alisema atazishona kwenye uzi mara mbili. Nilikuwa simjui mama yangu kuwa ni jemadari. Alikuwa amelizunguka lile anga la vuli pande zote na kila upande ameweka mlinzi.

"Na poda?" baba akauliza.

"Poda ndo sina dawa yake," mama akasema. " Nisipopaka, chungu. Nikipaka mvua ikaja, ukuta wa chokaa unamomonyoka. Nitapaka. Nitamwomba Mungu tu."

Mie nikawaza, Mungu wa nini na buluu ipo.

Nilifanya kazi ile asubuhi ya siku ya sanduku, mama akiwa kisimani. Nikatoa kidonge, nikakisaga kwa tako la kijiko juu ya kifuniko cha chungu mpaka kikawa vumbi, nikakimimina kwenye kopo la poda, nikafunika, nikatikisa mpaka mkono ukauma. Nilipolifungua kopo poda ilikuwa na rangi ya anga la asubuhi, hafifu sana. Nikafurahi. Nikakumbuka hata suala la kusuuza, nikaona halinihusu: mvua yenyewe ikija itamsuuza, na ikikauka atatoka mweupe kuliko Bi Mwanaidi, kuliko memsabu, na bila mistari miguuni. Ndiyo, mvua nilikuwa naiombea inyeshe. Andikeni hilo pia.

Alasiri mama alijipamba chumbani kwetu, chumba chenye dirisha la kutosha paka. "Poda hii imekuwaje?" akauliza. "Mbona inavutavuta?"

"Ya chini ya kopo, mama," nikasema mlangoni.

Akajipaka, akapaka tena. Alipotoka nje nilimwona ana rangi ya jivu la kuni nzuri, ila gauni jeupe, kanga nyekundu inayong'aa na wanja wake mweusi viliushika ule uso usianguke, na mie nilimwona anaelekea Uzungu. Kufika kwa Bi Mwanaidi, wanawake wakamzunguka. Bi Mwanaidi akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku juani.

"Haya, leo umetakata," akasema kwa wote. "Si unaona? Ulikuwa unajinyima tu."

Wakamtwika. Lilikuwa sanduku la bati lililochorwa maua, limejaa nguo, zito la kushikwa kwa mikono miwili, na sheria yake kila mmoja anaijua: likishapanda kichwani halishuki mpaka mlangoni kwa bibi arusi. Ngoma ikaanza. Mama yangu akatangulia. Miaka sita ya mchele, na sasa mtaa mzima uko nyuma yake unafuata kisogo chake. Nilikimbia pembeni na watoto wenzangu, nimevimba kwa fahari kama mie ndiye niliyemzaa.

Jasho ndilo lililoanza. Puani pakatokea alama ya buluu, ndogo, nikadhani ni kivuli. Halafu jua likiwa palepale, wala halikujificha, mvua ikashuka. Simba akazaa. Matone makubwa yakampiga mama kwenye paji la uso, na kila lilipopita tone liliacha mfereji, na mfereji ulikuwa buluu. Si buluu ya anga. Buluu ya kopo. Ikamshuka kwenye macho, ikazunguka midomo, ikadondoka kidevuni, ikaingia kwenye gauni jeupe na kutanda kifuani kama wino uliopinduka.

Mtoto mmoja akasema kwanza, kwa mshangao tu: "Mama Zuhura anachuja."

Neno likapokewa. Likapita nyuma kwa wanawake, mdomo kwa mdomo, wengine wanapiga makofi ya ngoma na kucheka humohumo. "Jamani, mwanamke anachuja." "Nani kasema nyeusi haichuji?" "Mwambieni dobi wake amrudishe karaini." Na mama haoni sawasawa, maji ya buluu yako machoni, na hawezi kujifuta kwa kuwa mikono yote miwili iko juu.

Bi Mwanaidi akaja mbio mbele, kanga kaishika mkononi. "Shusha sanduku. Mpe mwenzio huyu alibebe, wewe kajifute. Unatuaibisha."

"Sanduku halishuki njiani, Bi Mwanaidi," mama akasema, na buluu ikamwingia mdomoni. "Wewe ndo uliyenifundisha."

"Nakwambia shusha."

"Pamebaki hatua chache."

Hazikuwa chache. Zilikuwa kama za kutoka hapa bwenini mpaka darasani kwetu na kurudi. Alizitembea zote, hakuongeza mwendo wala kupunguza, shingo imenyooka, na nataka mjue jambo moja linaloniwasha mpaka leo: kanga nyekundu haikuchuja hata tone. Wanja haukukimbia. Hina ilikuwa hina, na asumini hata ua moja halikuanguka. Kila alichokichagua yeye kilisimama. Kilichomomonyoka ni kile nilichokitia mie.

Ningeweza kukimbia nikamfuta. Nilikuwa na shati, nilikuwa na mikono, nilikuwa mrefu wa kutosha kumfikia akiinama kidogo. Badala yake mtoto wa jirani alinipiga kiwiko akasema, "Mama yako huyo," na watoto wote wakanitazama, nami nikacheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wao, ili wasijue ni kazi ya mikono yangu. Bi Mwanaidi nina hasira naye, nanyi mliocheka Jumamosi nina hasira nanyi, lakini yule mtoto wa miaka tisa anayecheka mvuani, huyo ningemkamata leo hii hakuna kiranja angenizuia.

Mlangoni mama wa bibi arusi alilipokea sanduku, akautazama uso ule, akasema, "Karibu, bibi, karibu ndani," kama anavyokaribishwa mtu yeyote. Mama alishukuru, akajifuta kwa ncha ya kanga, hakuingia. Alirudi nyumbani peke yake, na mie nyuma yake kwa umbali wa jiwe la kurushwa, ingawa hakuna aliyekuwa anarusha.

Baba alikuwa amesharudi. Alimwona, akaingia chumbani akatoka na kopo la poda, akalifungua, akalinusa, akachukua chembe akaisugua vidoleni. Dobi hahitaji kuambiwa. "Hii yangu," akasema polepole, halafu akanitazama. Akaanza kufungua mkanda wa kaptura yake ya kazi.

"Mwache," mama akasema. "Huyu nitasema naye mimi."

Alichota maji, akakaa kwenye kigoda uani, akanawa. Alinawa mara tatu, kwa sabuni ileile ya mashuka, na karai likawa kama lile la baba la kila siku. Mie nilisimama mbele yake, nikamweleza yote bila kuulizwa: karai, memsabu, mistari ya miguuni, kusuuza, chungu cha jikoni. Nilidhani akisikia nilivyomtetea atanisamehe. Nilipofika kwenye memsabu nilimwona baba anageukia ukutani, mabega yanamcheza. Mama hakucheka. Alijifuta uso kwa utaratibu, ukatoka kama ulivyokuwa siku zote, mweusi, unang'aa maji, nami nikautazama kwa karibu kwa mara ya kwanza maishani mwangu, maana alinishika kidevu kwa vidole viwili, palepale Bi Mwanaidi alipomshika yeye, akaniinua kichwa mpaka sina pa kutazama pengine. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, ile ya kuniagiza chumvi.

"Bi Mwanaidi nilimjua, na mvua niliijua, wote wawili nilijipanga nao. Wewe sikukutazamia. Nambie, mwanangu: usoni kwangu uliona doa gani?"